Kujibanza si kuvizia: uchambuzi wa kisa cha neno "skulk" katika faili la nidhamu

Majina, mahali, aina ya bidhaa na tarehe vimeondolewa. Mfuatano wa mambo na sentensi zilizoleta ubishi zimebaki, kwa sababu bila hizo hakuna la kujifunza hapa.

Usuli

Ghala moja kubwa lilikuwa na wasimamizi wanaoandika kwa Kiingereza na wapakiaji wanaozungumza Kiswahili. Kamati ya nidhamu ilifanya kazi kwa Kiswahili, kwa hiyo kila faili la uchunguzi lilitafsiriwa kwanza. Mfasiri alikuwa kijana makini, hajakaa miaka mingi kazini. Mimi nilikuwa mhakiki wake: hakuna ukurasa uliofika kwa kamati bila sahihi yangu. Nalisema mapema kwa sababu kosa nitakaloeleza lilipita mikononi mwangu nikaliwekea sahihi.

Faili lilikuwa na mambo mawili yaliyobanwa kwa pini moja. La kwanza ni upungufu wa katoni kadhaa katika hesabu ya wiki. La pili ni malalamiko ya msimamizi wa zamu ya usiku dhidi ya mpakiaji mmoja. Mchunguzi aliyaweka pamoja kwa kuwa yalitokea wiki moja. Hakuandika popote kwamba moja linahusiana na jingine. Ila kurasa za katoni zilitangulia, malalamiko yakafuata.

Katika malalamiko hayo mlikuwa na sentensi hii: "Twice that week I found him skulking behind the racks near the side door." Msimamizi alimkuta mpakiaji mara mbili nyuma ya rafu, karibu na mlango wa pembeni, akiwa katika hali au tendo ambalo Kiingereza hulitaja kwa kitenzi "skulk". Kisa kizima kinazunguka kitenzi hicho.

Yaliyotokea

Mfasiri aliandika: "Mara mbili wiki hiyo nilimkuta akivizia nyuma ya rafu karibu na mlango wa pembeni." Ni sentensi nzuri. Inatiririka, haina kigugumizi cha tafsiri. Niliisoma nikageuza ukurasa.

Kamati ilipoisoma katika kikao cha kwanza, mjumbe mmoja aliuliza swali ambalo msomaji yeyote wa Kiswahili angeuliza: alikuwa akivizia nini? Karatasi haikusema. Lakini ukurasa wa nyuma ulikuwa umetaja katoni zilizopungua, na mlango wa pembeni ulikuwa pale pale ndani ya sentensi. Barua ya tuhuma iliyotoka baada ya kikao ilimshtaki mpakiaji kwa "kuvizia eneo la mzigo kwa nia ya kuiba". Mzigo haukutajwa katika sentensi ya Kiingereza wala katika tafsiri yetu. Nia ya kuiba pia haikutajwa. Vyote viwili vilizaliwa na kitenzi kimoja.

Kikao cha pili mpakiaji aliitwa kujitetea. Muhtasari umehifadhi maneno yake: "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi sikuvizia kitu. Nilijibanza pale, hilo nalikubali. Mgongo ulikuwa unaniuma, na kazi ilikuwa nyingi." Mwenyekiti akamuuliza kama basi anakubali kwamba alijificha. Akajibu: "Nilijibanza, mheshimiwa." Kamati ikaona anakiri nusu na kuficha nusu. Mbele yao kulikuwa na maelezo ya shahidi yanayosema "akivizia", na mtuhumiwa anang'ang'ania neno jingine. Ilikuwa rahisi kudhani anatafuta neno jepesi la kujikinga.

Aliyeinusuru hali alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, mama mtu mzima ambaye Kiingereza chake kilikuwa kidogo. Aliomba kikao kisimame. "Huyu mtoto anasema neno moja, karatasi inasema jingine, na yeye hajabadilisha tangu asubuhi," alisema. "Nataka kujua msimamizi mwenyewe aliandika neno gani kwa lugha yake." Hakuna aliyeweza kumjibu. Faili likarudi mezani kwangu.

Neno lenyewe

Nilipofungua matini chanzi, yaani maandishi ya Kiingereza yenyewe, na kuiweka ubavuni mwa tafsiri, jambo ambalo sikulifanya mara ya kwanza, nilihitaji dakika chache tu kuona tulipoteleza.

"Skulk" ni neno la zamani, lililoingia Kiingereza kutoka lugha za Skandinavia katika enzi za kati. Ndugu zake wangali hai huko, na maana yao inafundisha: "skolka" ya Kiswidi na "skulke" ya Kidenmaki na Kinorwe ni kutoroka shule au kutegea kazi. Katika Kiingereza neno hilo limebeba vifurushi viwili kwa karne nyingi. Kimoja ni kujificha au kwenda kwa kunyata, na ndani yake mna dokezo la uovu au woga. Cha pili ni kujificha ili kazi ikupite. Maana hii ya pili husikika zaidi katika Kiingereza cha Uingereza. Majeshini ilikuwa na uzito mkubwa: katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, "skulker" alikuwa askari anayebaki nyuma ya mti au korongoni wakati wenzake wanasonga mbele. Huyo hamvizii mtu. Amejibanza tu ili asionekane na wanaomtafuta kumpa kazi.

Kuna kitu cha tatu, na hiki ndicho kinachosahaulika. "Skulk" halielezi tu alichofanya mtu; linaeleza pia msemaji anamwonaje. Kitabu cha uwindaji kilichochapwa Uingereza mwaka 1486 kiliorodhesha majina ya makundi, na neno hili likawa jina la kundi la mbweha, la wezi, na hata la watawa wa kuombaomba. Watawa hawakuwekwa humo kwa mwendo wao. Waliwekwa kwa sababu kuna watu hawakuwapenda. Karne ya 17, walowezi wa Kiingereza huko New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, walilitumia kwa wapiganaji wenyeji waliopigana kutoka vichakani badala ya kujipanga mistari uwanjani. Katika vita na wenyeji hao vilivyoanza mwaka 1675 walowezi wenyewe waliiga mbinu hiyo hiyo. Mbinu haikubadilika. Aliyetukanwa kwa kuitumia ndiye aliyebadilika.

Kwa hiyo mtu anayeandika "skulking" ametuambia mambo mawili: kuna mtu hakuwa mahali pa wazi, na mimi nisiyempenda kuwa hapo ndiye ninayesema. Alichokuwa akikitaka mtu huyo hakimo.

Majirani wa neno hili wanapaswa kutengwa nalo, maana tafsiri nyingi huwachanganya. "Lurk" ni kukaa mafichoni ukingoja, na mara nyingi lina tishio. Ni jirani wa kweli wa kuvizia, ingawa kwenye makundi ya intaneti limelainika hadi kuwa mtu anayesoma bila kuandika, asiye na ubaya wowote. "Prowl" lazima liwe na mwendo, ni kurandaranda kama mnyama anayewinda. "Sneak" lina mwendo na siri, na watoto wa shule wa Uingereza hulitumia pia kwa mchongezi anayepeleka habari kwa mwalimu. "Slink" ni kuondoka kwa aibu. Kiswahili kina neno tamu zaidi ya Kiingereza hapo, kufyata mkia. "Skulk" liko katikati ya hawa wote, ndiyo maana mfasiri aliyechoka anaweza kulivalisha nguo ya yeyote kati yao.

Maamuzi na sababu zake

Kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa kufuta "akivizia" na kuweka "akitegea kazi". Mpakiaji mwenyewe alikuwa amesema kazi ilikuwa nyingi na mgongo unamuuma, na maana hiyo imo katika neno. Sikufanya hivyo. Kama ningechagua kutegea kwa sababu nimesikia utetezi, ningekuwa nimefanya kosa lile lile kwa upande wa pili: mfasiri alichagua kuvizia kwa sababu alikuwa amesoma habari za katoni. Wote wawili tungekuwa tunaitafsiri kesi na kuiacha sentensi.

Uamuzi wa pili ulihusu kumuuliza msimamizi. Mfasiri alitaka ampigie simu mara moja. "Mwalimu, si ni swali moja tu?" Nilimkatalia, na alikasirika kidogo. Mfasiri anayezungumza faraghani na shahidi amekwisha kuwa sehemu ya ushahidi. Hata akiuliza kwa nia njema, kesho mtu atasema alimlisha maneno. Tuliandika maombi kwa mwenyekiti kwamba maswali yaulizwe mbele ya kamati, mpakiaji na mwakilishi wake wakiwapo, na mimi nikalimani.

Kuyaunda maswali kulinichukua muda mrefu kuliko kutafsiri ukurasa mzima. Swali rahisi lingekuwa: ulimaanisha alikuwa anataka kuiba au anakwepa kazi? Hilo ni swali baya. Linamtaka shahidi achague mwenyewe kati ya hukumu mbili, na baada ya barua ya tuhuma angejua ipi inasubiriwa. Tukauliza aliyoyaona kwa macho. Alikuwa amesimama, amekaa, au anatembea? Uso wake ulielekea wapi? Mikononi alikuwa na nini? Alipokuona alifanya nini? Wewe ulimwambia nini? Neno lenyewe tuliliacha mwisho kabisa: kwa nini ulitumia neno hili na si jingine?

Majibu ya msimamizi, katika kikao cha tatu, yalikuwa wazi kupita nilivyotarajia. Mpakiaji alikuwa amekaa juu ya paleti tupu, mgongo kwenye rafu, uso kwenye ukuta, tochi imezimwa, mikono mitupu. Alipomwona msimamizi aliinuka akarudi kwenye toroli. Msimamizi alimwambia wenzake wanafanya kazi yake. Mlango wa pembeni aliutaja ili kuonyesha mahali tu, kwa kuwa rafu zilikuwa nyingi. Kuhusu neno, alisema baba yake alikuwa baharia, na hilo ndilo neno lililotumika nyumbani kwao kwa kijana anayetoweka vyombo vinapotakiwa kuoshwa. Alishangaa kusikia kwamba kuna aliyesoma wizi ndani yake.

Uamuzi wa tatu ulikuwa namna ya kuandika tafsiri mpya. Hata baada ya majibu hayo sikuweka "akitegea". Maelezo ya mdomo yaliingia kwenye muhtasari kama ushahidi mpya. Sentensi ya zamani ilibidi ibaki na upana wake. Nikaandika: "Mara mbili wiki hiyo nilimkuta amejibanza nyuma ya rafu karibu na mlango wa pembeni." Chini yake nikaweka maelezo ya mfasiri yanayosema kwamba neno la Kiingereza huweza kumaanisha kujificha kwa nia mbaya au kujificha ili kukwepa kazi, na kwamba sentensi peke yake haionyeshi ipi kati ya hizo.

Wa nne ulikuwa kukiri. Nilimwandikia mwenyekiti kwamba tafsiri ya kwanza iliongeza maana isiyokuwamo na kwamba mimi niliipitisha. Mtu mmoja ofisini alinishauri niiite "marekebisho ya lugha". Nilikataa, kwa kuwa kamati ingeona neno zuri limebadilishwa kwa neno zuri zaidi, na uzito wa tuhuma ungebaki pale pale.

Matokeo

Tuhuma ya nia ya kuiba iliondolewa. Mpakiaji alipewa onyo la maandishi kwa kukwepa kazi, adhabu aliyoikubali bila ubishi, na akapelekwa kupimwa mgongo. Suala la katoni liliendelea kivyake; hakuna kilichomhusisha nalo.

Hata hivyo, kati ya kikao cha kwanza na cha tatu barua ya tuhuma ilikuwa imebandikwa akilini mwa watu. Wenzake walianza kumwita "mviziaji", mwanzoni kwa utani. Baada ya miezi michache aliomba kuhama zamu, kisha akaacha kazi. Mwakilishi aliniambia kwamba jina ndilo lililomchosha, si onyo.

Uchambuzi

Kosa la msingi lilikuwa la sarufi, na ndilo nililolifikiria zaidi kuliko yote. Kuvizia, kunyemelea, kuotea na kunyatia vyote vinadai shamirisho, yaani mtu au kitu kinachotendwa. Hata shamirisho lisipoandikwa, msikilizaji analisubiri: chui anamnyatia swala, askari wanamwotea adui. Ukisema "alikuwa akivizia" ukanyamaza, umemwachia msomaji nafasi tupu, naye ataijaza kwa kilicho karibu. "Skulk" halina nafasi hiyo. Ni kitenzi kisicho na lengo. Mtu huweza "kuskalka" siku nzima bila kutaka chochote isipokuwa kuachwa. Kwa hiyo mfasiri aliongeza lengo ambalo Kiingereza hakikulitaja, na kamati ikalipa lengo hilo jina. Kiswahili kilikuwa na maneno yanayofaa: kujibanza, kunyata, kunyapa. Hayo yanamhusu mtu na mwili wake tu. Ni ajabu, na kwangu ni jambo la kutia uchungu, kwamba neno sahihi kupita yote lilitamkwa na mtuhumiwa mwenyewe katika kikao cha pili, tukalisikia kama hila.

Sababu ya pili iko kwenye kiambishi. Umbo la Kiingereza lenye "-ing" humvuta mfasiri kwenye -ki-: "skulking", basi "aki-". Lakini Kiingereza hutumia umbo hilo hilo kwa hali ya mwili, pale ambapo Kiswahili husema -me-: amekaa, amelala, amesimama, ameegemea, amejibanza. Ukishaandika "aki-" unalazimika kutafuta kitenzi cha tendo linaloendelea, na kujibanza hakikai vizuri hapo. Nadhani kiambishi kilichaguliwa kabla ya kitenzi, kikafunga mlango. Nimelijaribu hili na wanafunzi kadhaa tangu hapo kwa sentensi nyingine za namna hiyo, na huwaambia waamue kwanza: ni tendo au ni hali? Kitenzi kifuate baadaye.

Mpangilio wa faili nao ulichangia. Mfasiri aliingia kwenye sentensi ile akiwa ametoka kusoma kuhusu mzigo uliopungua. Simlaumu, muktadha ndio chombo chetu cha kazi. Lakini kuna muktadha wa sentensi na kuna muktadha wa faili, na mchunguzi ndiye aliyeutengeneza huu wa pili kwa pini. Sasa tunaomba kila maelezo ya shahidi yaletwe peke yake, na tunayatafsiri kabla ya kusoma muhtasari wa mchunguzi.

Uhakiki wangu ulishindwa kwa sababu nilihakiki Kiswahili tu. Nilitafuta ukakasi, na sentensi haikuwa na ukakasi. Tafsiri inayokwaruza humfanya mhakiki arudi kwenye matini chanzi, inayoteleza humpitisha. Kama mfasiri angeandika kitu kibovu ningekikamata.

Na maelezo ya shahidi yenyewe? Msimamizi aliandika hukumu mahali ambapo uchunguzi ulihitaji alichokiona. Mchunguzi angemuuliza pale pale alikuwa anafanya nini hasa, tusingefika huku. Si kazi ya mfasiri kusafisha maelezo ya shahidi, ila ni haki yake kuandika pembeni kwamba hapa pana neno lenye hukumu ndani yake. Kijana wetu hakujua kwamba ana haki hiyo. Hilo lilikuwa jukumu langu kumfundisha, na sikuwa nimemfundisha.

Kilichofaa ni maswali ya macho na mwili, yaliyoulizwa hadharani. Yalitoa picha ambayo hakuna kamusi ingeitoa, na yalimlinda msimamizi pia, ambaye hakuwa amemzulia mtu chochote. Kilichofaa vilevile, na siwezi kukidai kuwa chetu, ni sikio la yule mama. Yeye hakuhitaji Kiingereza. Aligundua kwamba huyu hakubadilisha maneno, alikuwa na neno moja tu.

Jambo moja halikutengenezeka. Muhtasari wa kikao cha kwanza bado una neno "akivizia", kwa kuwa kanuni za kamati haziruhusu muhtasari uliosainiwa kuguswa. Masahihisho yamewekwa kama kiambatisho mwishoni mwa faili. Niliomba yawekwe mbele, ili atakayelifungua miaka ijayo ayakute kabla ya neno. Nilijibiwa kwamba viambatisho hukaa nyuma.